Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mitihani ya Chuo kwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu, Tabora

Kila vyuo vikifunguliwa huwa nakaa na wanafunzi wapya wenye ulemavu hapa Tabora mjini. Wengine wametokea Nzega, Urambo au Sikonge, wengine wameshuka na treni kutoka Kigoma. Maswali yao hufanana, nikaona niyaandike. Mimi mwenyewe nina ualbino na uoni hafifu. Nilisoma stashahada yangu humu humu mjini, na sapu yangu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, niliipata kwa sababu ya dirisha. Hilo dirisha nitalieleza likifika zamu yake.

Nimeripoti chuoni juzi. Mambo ya mtihani nianze kuyashughulikia lini?

Wiki hii. Najua bado hujapata hata chumba, lakini fuatilia karatasi ya mtihani inakotoka. Msimamizi wa chumba anafanya kile kilichoandikwa kwenye maelekezo aliyopewa. Maelekezo hayo anayatoa ofisa mitihani. Ofisa mitihani naye anachapa karatasi kulingana na idadi na mahitaji aliyoletewa na idara, na idara haijui kitu kama hujaiambia. Ukijitokeza siku ratiba imebandikwa ubaoni, maswali yameshatungwa, yameshapitiwa na pengine yameshafungwa kwenye bahasha. Hapo hata mwenye huruma hana la kukusaidia.

Kuna faida nyingine ya kuwahi. Kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula kuna testi za kosiweki, yaani majaribio ya katikati ya muhula yanayohesabiwa kwenye alama zako. Omba utaratibu wako uanze kutumika kwenye testi ya kwanza kabisa. Hapo ndipo utajua kama maandishi waliyokukuzia yanasomeka, kama mtu anayekuandikia majibu anasikia vizuri, kama nusu saa ya ziada inakutosha. Heri ugundue kasoro kwenye testi ya alama 15 kuliko kwenye mtihani wa alama 60.

Naanzia kwa nani?

Kwa mshauri wa wanafunzi. Vyuo vyenye mratibu wa elimu maalumu vipo, lakini pale kwako akiwa hayupo usiduwae mlangoni. Mshauri wa wanafunzi ndiye mwenye jukumu la ustawi wako. Atakupeleka kwa ofisa mitihani na kwa mkuu wa idara. Waone wote watatu uso kwa uso, kisha uache barua kwa kila mmoja. Mazungumzo ya kwenye korido husahaulika, na hata mtu mwema huhamishwa kituo.

Kila barua iwe na nakala yako iliyogongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe. Karani wa masijala akikuambia "iache tu hapo mezani, mwanangu", mwamkie vizuri, mshukuru, halafu omba muhuri. Nimewaona wengi waliokosa haki yao kwa kukosa muhuri huo mmoja.

Uthibitisho wa hospitali nautoa wapi?

Kwa waliopo Tabora mjini, wengi huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Wa Kigoma wana Maweni. Kama uliomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ukajitambulisha kuwa una ulemavu, utakuwa tayari na uthibitisho uliosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Toa nakala za kutosha, huo huo utakufaa chuoni.

Ila uthibitisho huo una upungufu mmoja. Mara nyingi unataja jina la tatizo tu, tena kwa Kilatini cha madaktari. Ofisa mitihani akisoma jina la ugonjwa hajui afanye nini. Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, mwombe kwa heshima aongeze mistari miwili au mitatu ya vitendo: unasoma maandishi ya ukubwa gani na kwa umbali gani, unaweza kuandika kwa dakika ngapi kabla mkono haujakaza, unasikia mtu akisema kutoka wapi, unahitaji kunywa dawa au kula kila baada ya muda gani. Mistari hiyo ndiyo itakayofanya kazi.

Na kama hutaki chuo kizima kijue jina la ugonjwa wako, hiyo ndiyo njia yenyewe. Barua ya kwenda idarani inaweza kutaja mahitaji peke yake, na cheti cha daktari kikabaki kwenye faili la mshauri wa wanafunzi.

Barua yangu niiandikeje?

Fupi. Usisimulie maisha yako tangu utotoni, na usiombe "msaada wowote mtakaojaliwa". Ukiomba chochote utapewa chochote. Huu ni mfano wa mwanafunzi mwenye uoni hafifu:

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, stashahada ya utunzaji kumbukumbu, namba ya usajili kama inavyoonekana hapo juu. Nina uoni hafifu kama inavyothibitishwa na barua ya daktari iliyoambatanishwa. Kwa testi na mitihani yote ya mwaka huu wa masomo naomba: karatasi ya maswali ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 24, zisizolala, weusi uliokolea, niongezewe muda, niketi mbali na dirisha lenye jua, niruhusiwe kuingia na miwani ya giza, kofia na lenzi ya kukuzia. Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya testi ya kwanza ili majibu hayo niyaoneshe kwa msimamizi."*

Basi. Sentensi ya mwisho usiiache, maana bila jibu la maandishi siku ya mtihani utakuwa na hadithi tu.

Hivi hii ni haki yangu au ni hisani ya chuo?

Ni haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ndani yake elimu kwa wenye ulemavu imo, pamoja na wajibu wa kuwawekea mazingira yanayowafaa. Lakini ushauri wangu ni huu: sheria iweke mfukoni. Ofisa mitihani ukimfungulia mazungumzo kwa namba za sheria atahisi umekuja kumshitaki. Mwanzo mweleze unachohitaji, na sheria itoke siku ya kukataliwa.

Muda wa ziada ni kiasi gani?

Kipimo kinachojulikana zaidi nchini ni cha Baraza la Mitihani la Tanzania kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Mtihani wa saa 3 unakuwa saa 3 na nusu, na wa Hisabati unakuwa saa 4. Vyuo vinavyotunga mitihani yake vyenyewe vina kanuni zake. Ulizia ya kwenu. Kama haipo, taja hiki kipimo cha Baraza, maana kila mtu ofisini atakuwa amekisikia.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni saa ya ukutani. Mtihani wa Hisabati wa saa 3 ukianza saa 3:00 asubuhi, wenzako wanatoka saa 6:00, wewe unatoka saa 7:00. Karatasi ya mchana inaanza saa 8:00. Kwa mtu ambaye macho yake yanauma baada ya kusoma saa 4, au anayetembea kwa magongo kutoka jengo moja hadi lingine, hiyo saa moja ya kula, kwenda msalani na kuhama chumba haitoshi. Rasimu ya ratiba ikitoka tu iangalie, na ukiona siku yenye karatasi mbili, andika kuomba nafasi kati yake.

Tena muda wa ziada si lazima uwe dawa yako. Kuna wanaohitaji mapumziko: saa inasimama, mtu ananyoosha mgongo dakika 10, saa inaendelea. Hilo ni ombi tofauti na liandikwe tofauti.

Chuo kimesema kitanikuzia karatasi kwa fotokopi. Inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Kutoka A4 kwenda A3 maandishi yanakua kwa mara 1.4 tu: herufi za ukubwa wa 12 zinafika kama 17. Juu ya hapo fotokopi inafifisha wino, michoro inakuwa na ukungu, na unabaki na likaratasi linalozidi upana wa meza. Omba wachape upya kutoka kwenye faili la kompyuta kwa ukubwa unaoutaka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: unachagua maandishi yote, unabadilisha ukubwa, unakagua majedwali kama hayajavunjika. Majedwali yakaguliwe kweli. Nimewahi kupewa karatasi ya uhasibu ambayo safu ya mwisho ya hesabu ilikuwa imekatwa, nikajibu swali la alama 20 bila kuiona.

Nina ualbino. Zaidi ya maandishi makubwa niombe nini?

Hapa ndipo dirisha langu linapoingia. Mtihani wangu wa kwanza wa mchana ulikuwa kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa upande wa magharibi, pazia hakuna. Namba yangu ya mtihani ilinipeleka kiti cha pembeni kabisa. Kufika saa 9 na nusu jua la Tabora lilikuwa limelala juu ya meza yangu kama taa ya lori. Karatasi nyeupe ikageuka kioo. Nilimwomba msimamizi nihame, akasema viti vinafuata namba. Nilimwomba nivae kofia, akasema kofia haziruhusiwi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafuata maelekezo, na maelekezo yake hayakunitaja.

Kwa hiyo andika kiti: mbali na dirisha, au mgongo uelekee dirishani, na kivuli cha mwili wako kisianguke kwenye karatasi. Andika kofia na miwani ya giza, maana vyote viwili huhesabiwa vya kuvuliwa. Wengi wetu macho hucheza-cheza yenyewe, ukasoma mstari wa nne ukajikuta wa sita. Rula ya kuweka chini ya mstari inasaidia sana, nayo itaje. Na matangazo yanayoandikwa ubaoni, omba usomewe au uletewe kwenye kikaratasi mezani, hata kama umeketi mbele.

Sioni kabisa. Nifanyeje mtihani?

Njia ni tatu, chagua unayoimudu, usichaguliwe.

Ya kwanza ni nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole: unapewa maswali kwa nukta nundu na unajibu kwa mashine ya Perkins. Mashine ile ina kelele, kwa hiyo utahitaji chumba chako. Majibu yako yatageuzwa kuwa maandishi ya kawaida na mtu anayejua nukta nundu kabla ya kusahihishwa. Uliza ni nani na kazi hiyo inafanyikia wapi. Tabora tuna bahati ya kuwa na walimu wa fani hii, wakiwemo wa Shule ya Msingi Furaha, na AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha hapa Tabora, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Chuo kikisema "hatuna mtu", mtu yupo umbali wa bajaji.

Ya pili ni kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. NVDA ni ya bure, na sauti inayokuja nayo inajua Kiswahili, ingawa inakisoma kama mtu mwenye mafua. Kompyuta iwe ya chuo, isiyo na intaneti wala mafaili yako. Betri ijae usiku wa kuamkia mtihani, na mkubaliane kwa maandishi: umeme ukikatika na betri ikaisha, saa inasimama.

Ya tatu ni msomaji na mwandishi, na hiyo ina swali lake.

Huyo mwandishi anakuwa nani, na anaruhusiwa kufanya nini?

Asiwe ndugu yako, asiwe rafiki unayelala naye chumba kimoja, asiwe wa darasa lako. Awe mtu anayeandika vizuri na anayejua istilahi za fani yako kiasi cha kuziandika bila kukosea, lakini asiwe mjuzi wa somo lenyewe. Kazi yake ni kusoma kilichoandikwa na kuandika unachosema. Hafafanui swali, hakohoi ukikosea, haboreshi sentensi. Wewe unaweza kumwambia arudie kukusomea jibu, afute, aache nafasi, arudi swali la 3.

Kuamrisha mtu aandike ni ufundi wa peke yake. Mwanafunzi aliyezoea kuandika mwenyewe akipewa mwandishi kwa mara ya kwanza kwenye mtihani hushikwa na kigugumizi cha mawazo: jibu liko kichwani, mdomo haujui pa kuanzia. Omba mkutane naye angalau mara mbili kabla, mfanye karatasi ya zamani, mzoeane sauti.

Mahali nako ni muhimu. Usikubali kona ya ukumbi, maana wenzako watakusikia ukitaja majibu. Na chumba kikiwa cha bati bila dari, kumbuka mitihani ya muhula wa kwanza huangukia masika yetu. Mvua ya Februari ikishuka juu ya bati, utapiga kelele mpaka sauti ikauke na mwandishi hasikii neno. Niliyekuwa namwandikia alisimama dakika 25 tukisubiri mvua. Msimamizi alikuwa muungwana, akaziandika kwenye ripoti na kuzirudisha.

Mimi ni kiziwi. Mtihani ni wa kuandika, kwa nini nihitaji mkalimani?

Kwa sababu ya mambo yanayosemwa kwa mdomo. Msimamizi anatoa maelekezo mwanzoni, katikati anaingia mwalimu na kutangaza "swali la 4 kipengele b, badala ya 2018 someni 2008", na mwishoni wanasema zimebaki dakika 10. Wote wanainua kichwa, wewe umeinamia karatasi. Omba mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kwa maelekezo, na kila tangazo liandikwe ubaoni na mtu akuguse bega. Kama mkalimani hakupatikana, hayo mawili ya mwisho hayana gharama yoyote.

Tabora ni mji wa historia kwa viziwi: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa mwaka 1963. Watu wanaojua lugha ya alama wapo. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, nao wanaweza kukuelekeza kwa mkalimani.

Natumia kiti cha magurudumu.

Chumba cha chini, meza ambayo kiti chako kinaingia, choo kilicho karibu na kinachoingilika. Vipime mwenyewe wiki moja kabla, usiambiwe. Ukumbi usiwe na mchanga au matope mlangoni.

Ulemavu wangu hauonekani. Nitaaminiwa?

Kwa karatasi, ndiyo. Mwenye kifafa anahitaji msimamizi ajue la kufanya akianguka, na ajue kwamba baada ya kuzinduka akili haiwi tayari kwa mtihani siku hiyo hiyo. Hapo ombi ni mtihani maalumu siku nyingine. Mwenye selimundu anahitaji maji mezani, ruhusa ya kutoka, na shuka au sweta hata kama wengine wanatokwa jasho. Mwenye kisukari anahitaji chakula kidogo na kipimo chake. Vitu hivi vikitajwa mapema ni vya kawaida, vikiibuka mezani bila barua vinafanana na kibomu, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani.

Disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, ndiyo ngumu zaidi huku kwetu, kwa sababu wa kuipima ni wachache. Kusanya ushahidi wa zamani: ripoti za shule, maelezo ya mwalimu wa elimu maalumu, madaftari yako yenyewe. Si tatizo la macho, kwa hiyo usikubali kuishia kuandikiwa miwani.

Chuo chetu hakitungi mtihani wa mwisho. Je?

Basi anza mapema maradufu. Kwa wanaosoma ualimu, mtihani wa mwisho ni wa Baraza la Mitihani, na mahitaji yako yanatakiwa kuonekana kwenye usajili wako, maana karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa zinaandaliwa huko, hazikuzwi chuoni. Siku ya usajili mwombe ofisa akuoneshe kwenye skrini kwamba umeandikwa. Wa Chuo Kikuu Huria andikieni kituo cha mkoa mara mnapojisajili kwa mitihani, kwa kuwa unaweza kufanyia mtihani mahali ambapo hakuna mwalimu anayekujua.

Wenzangu wanasema napendelewa.

Maswali ni yale yale, usahihishaji ni ule ule, ufaulu ni ule ule. Akizidi kukusumbua, mpe karatasi yako ya nukta nundu asome.

Siku ya mtihani msimamizi anasema hana taarifa zangu.

Onesha jibu la chuo. Kama bado anakataa, mwombe ampigie ofisa mitihani. Ikishindikana, usisuse. Keti, anza, na mwombe aandike kwenye ripoti ya chumba kwamba uliomba na hukupewa. Andika pembeni saa uliyoanza. Ukitoka, kabla hujala, peleka malalamiko ya maandishi siku hiyo hiyo. Aliyefanya mtihani na kulalamika mchana wake anasikilizwa. Anayelalamika baada ya matokeo anaonekana anatafuta sababu ya sapu.

Chuo kimekataa kabisa.

Omba kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi hapo hapo mambo hulegea, maana hakuna anayependa kusaini "hapana" ya namna hiyo. Yasipolegea, panda ngazi: mkuu wa idara, naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, kisha mkuu mwenyewe. Nje ya chuo kuna ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, chama chako kama ni TLB (wasioona), TAS (wenye ualbino), CHAVITA (viziwi) au CHAWATA (wenye ulemavu wa viungo), shirikisho lao SHIVYAWATA, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Serikali ya wanafunzi nayo usiidharau.

Bodaboda imeniangusha, mkono wa kuandikia umevunjika na mtihani ni wiki ijayo.

Ulemavu wa muda huhudumiwa kwa mlango ule ule. Pata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, tibiwa, chukua barua ya daktari inayosema mkono utakaa kwenye plasta mpaka lini, uipeleke chuoni siku hiyo, hata kwa kumtuma kiongozi wa darasa. Chaguo ni mwandishi au kuahirisha. Kama hujawahi kumwamrisha mtu aandike, mimi ningeahirisha.

Nikishakubaliwa mwaka wa kwanza, nirudie kuomba kila mwaka?

Ulemavu wa kudumu hauhitaji daktari mpya kila mwaka, lakini barua fupi mwanzoni mwa kila muhula inahitajika, kwa sababu wasimamizi na maofisa hubadilika. Ambatanisha jibu la mwaka jana. Na kama kuna kitu hakikufanya kazi, kama ukubwa wa herufi, chumba au kiti, kibadilishe kwenye hiyo barua. Mimi nilianza na herufi za 18, nikamaliza chuo nikisoma za 26.